Gitaa la Besi Nimelipeleka Mwenyewe

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto tu. Mdogo anatoka shule saa sita, usimsahau. Shingo ya lile gitaa jingine usiiguse mpaka jioni, gundi bado mbichi.

Yule mpiga besi alipokuja asubuhi kuliona gitaa lake, nilikuwa mlangoni na chai. Nikakusikia: "Kazi ya mikono yangu hii, kaka. Miezi minne!" Yako? Wewe ulipasua mbao, basi. Freti, vile vyuma vya shingoni, nilizipanga mimi, moja moja, zikatanuka kama upepeo. Akakuuliza mbona zimekaa mshazari. Ukacheka: "Mtindo tu." Mtindo! Uzi mnene unataka urefu zaidi kuliko mwembamba, ndiyo maana. Kisha ukaninyooshea kidole: "Huyu mke wangu, hunisaidia kufagia." Bila haya, na mimi nimesimama pale. Nikaweka chai chini.

~~Leo sirudi.~~ Nitarudi jioni, lakini usinisemeshe kwanza.

Gitaa nimelichukua. Nampelekea mwenyewe, nimweleze kila freti na sababu yake. Watoto wakiuliza niko wapi, waambie ukweli, kama utaweza: fundi amekwenda kukabidhi kazi yake.

Mama watoto