Mashuka Yaliyofuliwa Kirushya

Nyakahura, Biharamulo
3 Juni 2024

Mdogo wangu Jovina,

Natumaini mu wazima na upepo haujaangusha migomba. Mimi sijambo, ila shingo ni ileile, inavutwa begani kama ng'ombe anayebishana na kamba. Asanteni kwa siku mlizonilaza Kirushya. Sijalala vile tangu nihamie huku nikiwa kijana. Kikao cha ukoo kikikaa, wakumbushe ombi langu: ile migomba ya baba iliyo karibu na nyumba. Ya mbali siiwezi, nami nataka kufia nyumbani.

Kaka yako,
Pancras

Kirushya, Ngara
30 Juni 2024

Kaka, shikamoo.

Huku hatujambo, watoto wanakuamkia. Kikao kimekaa, na habari si njema. Shemeji yako Frednand alikupiga video umelala, akaituma kwenye kundi la ukoo. Shingo imenyooka kama mlingoti! Benedicto, mtoto wa baba mdogo, akasema, "Mgonjwa gani anapona akikoroma? Hiyo shingo inaogopa jembe." Watu wakacheka. Migomba kapewa yeye. Sikukutetea, maana hata mimi nimeiona. Kaka, kweli unaumwa?

Mdogo wako,
Jovina

Nyakahura
9 Julai 2024

Jovina, marahaba.

Poleni na kikao. Hukuuliza naumwaje, umeuliza kama naumwa.

Ugonjwa wangu unaitwa distonia. Daktari alinieleza, nami nikausoma mwenyewe. Ubongo unaiamuru misuli ikaze, mtu hataki. Kwa wengi wetu, usingizi ukikolea, amri hizo hulegea na misuli hupumzika. Ukiamka, inakaza tena. Frednand alipiga picha mapumziko yangu. Angengoja niamke, angeuona ugonjwa. Wasomee haya.

Kaka yako,
Pancras

Kirushya
4 Agosti 2024

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima, maharage tumeshavuna. Nimewasomea. Mzee Telesfori, mkuu wa kikao, akasema, "Pancras kasoma mno, hata uongo wake una kitabu." Lakini wamekupa nafasi. Uje ulale sebuleni kwangu, wazee wakutazame mpaka uamke. Shingo ikipinda tena, migomba ni yako. Njoo tu, kaka. Nimeshafua mashuka.

Mdogo wako,
Jovina

Nyakahura
21 Agosti 2024

Jovina, marahaba. Wasalimie watoto.

Mashuka watandikie wengine. Usingizi ndipo mahali pekee ambapo sikuvutwa. Tangu video ile, nasinzia huku nasikiliza mlango. Mbwa akijikuna tu nimeshaamka, na shingo imeniwahi. Mbele ya wazee wale nitakesha, nao watasema nimeogopa kulala nisiumbuke.

Benedicto ailime. Jirani yangu Nimpaye amekubali nizikwe huku, pembeni ya shamba lake. Siku hiyo shingo itanyooka, na haitapinda tena. Waambie wazee wasijisumbue kuja kutazama.

Pancras wa Nyakahura