Tangazo Nililoliandika Mwenyewe

Mbwera, Jumatano

Na mwandiko ni wangu, hilo ndilo linaloniuma.

Bwana Shauri, mkuu wa boma, alifika asubuhi kukagua mikoko. Akaliona banda walilojenga wazazi ili niwafundishe watoto sayansi nikitoka kwenye kazi yangu ya ukarani, kisha tucheze mpira.

"Mpira ruhusa," akasema. "Masomo hayana kibali. Karani, andika tangazo."

Ningekataa, ningefukuzwa kazi, na nyumbani wananitegemea mimi tu. Nikaandika, nikalibandika kwenye ukuta wa banda.

Mama Mwanaidi, aliyekandika ukuta wa banda kwa mikono yake, hajui kusoma.

"Mwalimu, karatasi hii inasemaje?"

Nikamsomea.

"Basi watoto waambie mwenyewe, baba. Mimi siwezi."

Saa kumi wakaja mbio. Mwanaidi alikuwa ameinua chupa yenye viluwiluwi tuliokuwa tukiwatazama wiki nzima.

"Mwalimu, wameota mbawa! Wamekuwa mbu! Imekuwaje?"

Jibu ninalijua. Siku zote hizo nilikuwa nalingoja swali hilo. Lakini askari wa boma, aliyeachwa na Bwana Shauri, alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama.

Nikapuliza filimbi, nikawaambia waende uwanjani.