Ile Picha Yangu na Mbwa

Brussels, Ubelgiji

Hooyo, mama yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Barua hii ikukute goti limepoa na mbuzi wa jirani wameacha kutafuna nguo zako kwenye kamba. Je, mvua imefika Isiolo, au bado ni vumbi tu? Mimi mwili uko salama, alhamdulillahi. Moyo ndio hauko salama, na sababu unaijua.

Wiki mbili sasa hupokei simu zangu. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono na kumpa mama mmoja wa Eastleigh anayerudi nyumbani, kwa sababu barua huwezi kuikata. Ndugu yangu Abdi ndiye aliyeniambia kwa simu. "Walahi Halima, hooyo amekasirika mbaya. Amesema ukikuja usiguse sufuria yake hata moja. Amesema wewe na mbwa sasa ni kitu moja." Hooyo! Mimi? Binti uliyemfunza Alhamdu kabla hajajua kuhesabu?

Najua Shukri, binti wa shangazi, ndiye aliyekuonyesha picha kwenye simu yake. Sawa. Lakini Shukri hakuwepo. Sasa nisikilize mimi niliyekuwepo.

Kazi yangu unaijua: namtunza Bi Hilde, ambaye miguu yake imechoka, pamoja na mbwa wake Bruno. Hata babu alifuga mbwa wa kulinda mbuzi kule Sericho, na sijasikia aliyemkataza kushika kikombe. Hapa nyumbani kwa Bi Hilde nina kopo langu la udongo safi. Bruno akinilamba, kabla ya kuswali naosha mara saba, moja kwa udongo, vile ulivyotufunza. Bi Hilde amezoea.

Mwezi wa Januari akataka kuona bahari. Tukaenda siku tatu mji wa Ostende, kwenye baridi ya kukata masikio. Bruno alivaa koti zito kuliko langu. Asubuhi hotelini mhudumu alinizuia mlangoni, akauliza nalala chumba gani, huku Bruno amepita katikati ya miguu yake kwenda kuwekewa bakuli la maji. Hilo nililimeza.

Kosa langu ni moja, nalo nalikiri: lile kopo nililisahau. Nikajiambia, mji mzima utakosa udongo? Ukakosa! Kila mahali ni mawe na saruji, na ule mchanga wa ufuoni ndipo mbwa wote wa mji wanapokojoa. Siku ya pili Bruno alitoka majini mbio, nikavua glavu nimfunge kamba, akanilamba mkono wote wa kulia. Adhuhuri sikuwa nimeswali, na huku majira ya baridi jua halina subira. Hujamaliza chakula cha mchana, Alasiri hiyo.

Kando ya barabara ya bahari kuna vyungu vikubwa vya maua. Cha kwanza, maua yalikuwa ya plastiki! Cha pili kilikuwa na udongo wa kweli, ila umeganda. Nikapiga magoti, nikatoa kijiko cha dawa ya Bi Hilde, nikaanza kuchimba, huku kamba ya Bruno nimeishika kwa mkono wa kushoto. Mzee mmoja akanifokea kwa nini naiba maua ya mji. Nikamwambia sitaki maua, nataka udongo. Akamwita mwenzake aje aone. Wakasimama hapo wananicheka, mtu mzima mimi, machozi yananitoka kwa hasira na baridi.

Na Bi Hilde, kwenye kiti chake cha magurudumu, akainua simu. "Halima, tazama huku!" Bruno naye akaleta uso wake karibu na wangu. Jioni picha ikawa mtandaoni, ameandika eti mimi na Bruno ni marafiki wa kufa na kuzikana. Hakuniuliza. Kesho yake nilimwambia aitoe, akashangaa, akasema, "Lakini mmependeza."

Hiyo ndiyo picha yenyewe, Hooyo. Huku nimeonekana kichaa kwa sababu ya dini, na huko kwetu nimeonekana nimeitupa. Niende wapi? Nimemkasirikia Bi Hilde, na yule mzee wa maua, na Shukri ndiyo usiseme. Lakini aliyeniumiza ni wewe, kwa sababu ningeapa kwamba wewe ungeniuliza kwanza.

Mwambie Shukri alete tena hiyo simu. Aikuze picha, muutazame mkono wangu wa kulia. Mtaona kijiko. Mtaona udongo kwenye kucha. Udongo huo niliubeba kwenye kitambaa mpaka chumbani, nikaosha mara saba, na Adhuhuri nikaiwahi.

Nisalimie Abdi, dereva wetu, apunguze mwendo kwenye ile njia ya Merti. Nisalimie Nyanya, aniombee dua, na Mama Kendi wa duka, asiache kukuwekea majani ya chai. Shangazi pia msalimie. Shukri simsalimii, nitamsalimia hasira ikiisha.

Baada ya Ramadhani nakuja. Nitaingia jikoni kabla sijakaa, nishike ile sufuria kubwa. Ukitaka nioshe mkono mbele yako, nitaosha. Udongo wa uani kwetu haujaganda. Nitaosha mara saba, na ukitaka tena, saba nyingine. Lakini chai siku hiyo napika mimi, Hooyo, na wewe utakunywa.

Binti yako,
Halima