Miaka Mitatu Niliyojiongezea

Ilomba, Jumapili, mwanzoni mwa Julai. Baridi ya leo si ya kuchezea. Nimevaa masweta mawili na soksi, na bado vidole vinagoma. Lakini nisipoandika leo nitajidanganya tena, na kudanganya kumeshatosha.

Wiki tatu zilizopita niliona tangazo la kampuni moja ya Iringa inayouza mashine za kilimo. Wanatafuta mtu wa kuandika miongozo ya matumizi kwa Kiswahili, vile vijitabu vinavyokuja na mashine kumwambia mnunuzi awashe vipi, asafishe vipi, asiguse wapi. Nikasema hii ndiyo kazi yangu. Kisha nikafika kwenye sifa za mwombaji: shahada ya uhandisi au fani inayokaribiana nayo, na uzoefu wa miaka mitatu wa kuandika miongozo ya mashine.

Mimi nina diploma ya ualimu. Ajira nimezisubiri mpaka nimechoka kuulizwa, na kwa sasa nachapa barua na CV za watu kwenye steshenari pale Iyunga.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Ukichapa CV za watu kutwa nzima unajua kila mtu anaongeza chumvi. Aliyekaa miezi miwili kwenye duka la shemeji yake anakwambia uandike meneja wa mauzo, na wewe unaandika. Dada Neema, mwenye steshenari, aliniambia nijaze tu hiyo miaka mitatu, nani atakwenda kuchimbua. Kwenye elimu sikuthubutu kugusa kitu. Kwenye uzoefu nikajaza.

Wakaniita. Usaili ni Jumanne, Iringa mjini, na kila mmoja aje na mwongozo wa kurasa mbili wa mashine ya kukoboa mpunga, aliouandika mwenyewe.

Jamani, nilijiona nimefika. Niliandika siku nne. Kiswahili kilinyooka hadi nikawa nausoma mwongozo kwa sauti jikoni, mama anatikisa kichwa. Nikawaza, hao wahandisi watanionaje.

Jana nikaupeleka mwongozo Ubaruku kwa Mjomba Festo, kaka yake mama, ambaye amekoboa mpunga tangu sijaanza shule. Nilitaka aujaribu. Kusema kweli, nilitaka anisifie. Msimu umechanganya, foleni ya magunia imefika nje, lakini aliniitikia "Kamwene", salamu ya kwetu, kwa uso mkunjufu na kukubali. Nikampa sharti moja: asifanye kwa mazoea, afanye kile tu karatasi inachosema, kama mtu aliyenunua mashine jana.

Sasa pale mashineni hakuna anayeshika karatasi akiwa kazini. Mikono ya mjomba ina grisi muda wote. Kikija kitu cha kusoma, iwe barua au ujumbe wa simu, mteja aliye karibu anamsomea, naye anatenda huku anasikiliza. Likizo zangu zote za utotoni nimeyaona hayo. Ila nilipokaa mezani kuandika, nilimwandikia mtu aliyetulia kwenye kiti, anayesoma aya nzima kwanza ndipo anyanyuke.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake ndiye aliyesoma, kwa sauti kubwa maana injini ilikuwa inaunguruma. Hatua ya kwanza hadi ya tatu, safi kabisa. Nikaanza kutabasamu. Akafika ya nne, ya kusafisha chekeche likiziba. Akasoma: fungua kifuniko cha chekeche.

Mjomba akafungua. Mkono wake ukaingia.

Sijui nilifikaje pale. Nilimshika shati mgongoni nikamvuta kwa nguvu zangu zote, tukaangukia magunia wote wawili. Na yule mama, ambaye macho yake yalikuwa kwenye karatasi, akaendelea na sentensi inayofuata kwa sauti ileile: kabla ya kufungua, hakikisha injini imezimwa.

Niliiandika mimi hiyo. Kabla ya kufungua, nikaiweka baada ya kufungua.

Mjomba alizima injini, akajifuta, akahesabu vidole vyake kwa utani. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Umesema fungua, nikafungua. Karatasi ya mwalimu mimi sibishani nayo."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya rundo la pumba. Sikulia kwa hofu peke yake. Mtu mzima ameweka mkono wake mahali kwa sababu mimi nimeandika. Na kule Iringa kuna watu wamekaa na karatasi yangu nyingine, ile CV, wanaiamini hivyohivyo.

Nikarudi ndani, nikaomba kalamu, nikaandika upya juu ya gunia. Zima injini. Ngoja mkanda usimame. Uangalie kwa macho. Sasa fungua kifuniko. Sentensi fupifupi, hazina madaha. Yule mama akasoma tena, na mimi nikasimama pembeni ya mjomba safari hii. Alizima, akangoja, akaangalia, akafungua. Tulirudia mara ya pili. Hata wateja wakaacha kunung'unikia foleni, wakaanza kunielekeza: hapa ongeza, hapa punguza, mpunga ukiwa na unyevu hujasema kitu. Nikaongeza. Ule mwongozo sasa ni mzuri, nasema bila aibu.

Leo baada ya ibada nimewaandikia kampuni barua pepe. Nimesema ile miaka mitatu si kweli, sina hata mwezi. Nimesema nilichonacho ni diploma ya ualimu, mwongozo mmoja, na siku moja Ubaruku, nikaeleza yaliyotokea hatua ya nne bila kupunguza. Kidole kilisimama juu ya kitufe cha kutuma mpaka chai ikapoa. Kisha nikabonyeza.

Mama anasema nimejifungia mlango mwenyewe. Dada Neema amenipigia, akaniuliza kama nina homa. Inawezekana wote wawili wako sahihi. Nimeogopa tangu nilipobonyeza, na kila simu ikilia naruka.

Hawajajibu. Lakini hawajaniambia nisije, na tiketi ya kesho asubuhi nimeshakata. Wahandisi waje na shahada zao, wamezisomea, ni haki yao. Mimi nitakaa kwenye kiti changu na kurasa zangu mbili. Wakiniuliza nimeandika miongozo mingapi maishani, nitawajibu: mmoja, na mara ya kwanza nusura umkate mjomba wangu vidole.