Salongo Juu ya Reli

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2002

Nimefagia tena kituo. Treni haiko, takataka ziko. Mama Kalumba, jirani yangu hapa kambi ya reli, ananicheka: unamfagilia nani? Najifagilia mimi. Bwana yangu Asumani alitoka hapa akifanya kazi ndani ya treni, vita ikakata njia nyuma yake, akabaki Kibombo. Tangu pale napata salamu tu, kwa midomo ya watu wa baiskeli. Wengine wanasema ameoa kule. Aoe. Aje naye kwa treni, nitawapokea wote wawili, halafu tutaonana.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Askari wamekuja na funguo kubwa za chuma. Komanda wao anataka reli za kituo zifunike mahandaki yake. Wameanza kulegeza bulon, zile skrubu kubwa zinazoshika reli, mbele ya ghala. Jumamosi wanarudi kung'oa. Mzee shefu wa gare, mkubwa wa kituo, amejifungia ndani, anasema reli ni vyuma tu. Vyuma! Reli zikitoka, hata vita ikiisha, treni itapita wapi? Juu ya mchanga? Asumani atazeekea Kibombo, na mimi hapa na ufagio. Sikula. Kwa hasira.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimepata njia. Jumamosi ni salongo. Amri ni ya Komanda mwenyewe: kila muntu na jembe lake, kusafisha mtaa mpaka saa ine ya asubuhi. Anayeacha kazi mbele ya saa ile kufika, fimbo. Basi, salongo yetu itakuwa katikati ya reli. Majani yamejaa pale, nani atabisha?

Nimezunguka kambi yote, mlango kwa mlango. Shefu wa mtaa ameogopa. Nikamwambia abaki nyumbani alee wajukuu. Wanaume wengi walikuwa na kazi ghafla. Mama Kalumba alinitukana vizuri, akaniita kichaa, halafu akaanza kunoa jembe.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Naogopa. Nimeandika hapa, kesho sitasema.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Tulifika mbele yao. Wanawake peke yao, na majembe, na makupekupe ya kukatia majani, na watoto mgongoni. Askari walipokuja na funguo zao hawakuona pa kuweka mkono. Wakamwita Komanda. Akafoka tutoke, upesi. Nikanyoosha mgongo.

"Komanda, salongo ni amri yako. Tukitoka mbele ya saa, utatuchapa. Tukibaki, utatuchapa. Sasa chagua fimbo moja."

Askari wake mmoja akacheka. Kicheko kile njo kiliniponza. Komanda akanipiga fimbo mbili mgongoni, ya tatu juu ya mkono. Sikutoka. Hakuna aliyetoka. Saa ine ikapita. Mama Kalumba akakaa juu ya reli, akamtoa mutoto mgongoni, akaanza kumnyonyesha, akasema majani bado hayajaisha. Wote wakakaa. Jua likapanda, reli zikatuchoma matako, tukakaa. Komanda aliangalia akina mama wale wote na sijui aliona nini. Mama yake, labda. Au uchovu tu.

Mwishoni akaonyesha ile njia ndogo ya reli nyuma ya ghala, inayoshuka bandarini. Waking'oa ile, basi. Wakang'oa. Nilitazama chuma kwa chuma kikibebwa, na nililia kwa hasira, si kwa maumivu. Hatukuweza kukaa kila mahali. Lakini njia ya Kibombo iko.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mkono umevimba. Naandika vibaya. Mzee shefu wa gare amepita asubuhi, akaacha ufunguo wa bulon mlangoni, hakunitazama usoni. Mimi na Mama Kalumba tumekaza zile zilizolegea. Yeye alikaza, mimi nilitukana.

Alhamisi, tarehe 15 Agosti 2024

Ndani ya treni. Mimi na Asumani tunakwenda Kibombo, ndoa ya binti ya dada yake. Yeye alirudi na treni ya kwanza baada ya vita, peke yake, amekonda sana. Ile habari ya bibi mwingine sikuuliza, na yeye hakusema.

Leo treni imechelewa mpaka watu wote wamekasirika, mimi wa kwanza. Halafu ikaondoka, ikapita pale mbele ya ghala, pale tulipokaa. Kufumba na kufumbua, tumepapita. Hakuna muntu ndani ya behewa aliyeinua kichwa. Mama Kalumba amekufa; angekuwapo, angepiga kelele. Nilitaka kusimama, kupaheshimu pale, hata peke yangu. Lakini Asumani alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa juu ya bega langu. Nikabaki nimekaa.