Kichwa cha Saumu

Jumamosi, 31 Januari

Asubuhi tena hadi darajani na kurudi, mabegi mgongoni, tumeyajaza mchele ili yawe mazito. Jua la Garissa halina adabu hata saa moja asubuhi. Hodan ninayeishi naye mbele, mimi nyuma nahema. Watoto wa mtaa wetu wa Waberi wametuzoea, hawaulizi tena tunahamia wapi.

Jumatano tunaondoka. Mlimani, tupande korongo la upande wa mashariki, sisi wawili tu. Bila kiongozi, bila mpagazi, maana pesa yao hatuna. Nimekubali kwa mdomo. Tumbo halijakubali.

Naogopa baridi. Mimi mtu wa Malindi niliyeletwa huku kufanya uuguzi, mwenzangu Hodan kazaliwa Hulugho na anauza vitambaa sokoni. Baridi tunaijua kwenye friji.

Jumatatu, 2 Februari

Muuza mitumba alicheka mpaka akakaa chini. Makoti mazito Garissa, nani ayanunue? Alichimba hadi chini kabisa ya mtumba akapata mawili, moja la kiume. Hodan kalichukua la kiume kwa sababu linafika magotini. Anasema ndilo la heshima.

Hema ni la kuazima, lina viraka. Chakula ni tende, unga, sukari, majani ya chai, na mkebe wa nyirinyiri aliyoitengeneza Hodan, nyama ya ngamia iliyokaushwa ikazamishwa kwenye samli. Haiozi, na haituumizi mfukoni.

Linalonikera ni moja. Hodan anafunga. Analipa siku zake za Ramadhani iliyopita, na Shaabani ndiyo hiyo inayoyoma. Nimemwambia msafiri ana ruhusa ya kula. Anajua, dini anaijua kunishinda. "Wallahi abaayo, ruhusa si lazima." Abaayo ni dada kwa Kisomali. Akiniita hivyo ujue maneno yamekwisha.

Nimekasirika, nimeosha vyombo kwa kelele.

Jumatano, 4 Februari

Tuko juu. Vidole havinitii, mwandiko mbaya.

Kwenye kizuizi cha polisi darajani kitambulisho changu kiliangaliwa mara moja, cha Hodan kikageuzwa na kugeuzwa. Alitazama mto mpaka wakamaliza. Kisha safari, kutwa nzima.

Kijiji cha mwisho tulipata pikapu inayokwenda kuchukua mbao hadi barabara inapoishia. Bure. Tulifurahi kama wendawazimu, siku nzima ya kupanda kwa miguu tumeiokoa, na chakula chake. Dereva akasema huko juu mwende polepole. Tukaitikia ndiyo, ndiyo, huku tukishusha mabegi.

Hodan kafuturu kwa tende na chai. Kichwa kinamuuma. Kichwa cha saumu, anasema. Akikosa chai yake ya asubuhi kichwa humpasuka. Ni kweli, Garissa nzima inakijua kichwa hicho. Siku za kwanza za Ramadhani, mchana, foleni nzima ya zahanati imeshika paji la uso na hakuna wa kusemeshwa. Nimempa vidonge viwili.

Baridi hii ina chuki na mtu.

Alhamisi, 5 Februari

Tumeingia korongoni. Kuta za mawe huku na huku, chini kabisa maji yananguruma na huyaoni. Njia ni nyembamba. Kila nikiinua mguu nafikiria wapi utatua. Sikuona uzuri wowote, natazama viatu vya Hodan tu.

Amekwenda akitaja babu zake. Jina lake, la babake, la babu, la baba wa babu, na kuendelea, kwa mwendo wa miguu. Kwao mtoto hufundishwa hayo kabla hajajua kusoma. Hunicheka kwa kuwa mimi naishia kwa babu. Leo nilishukuru kusikia sauti yake.

Mchana akatapika. Akajifuta kwa maji kidogo akasema aliyetapika bila kutaka saumu yake haivunjiki. Nikasema sawa. Mimi, muuguzi, nikasema sawa. Nilijiambia jua likizama atakunywa chai na yote yataisha.

Jua limezama. Ameuma tende moja akaiweka. Chai hakuigusa. Sijawahi kumwona Hodan akikataa chai, hata alipokuwa na malaria. Kalala na koti lake. Sina raha. Najiambia ni uchovu. Sijiamini.

Ijumaa, 6 Februari. Asubuhi

Daku hakula. Eti kanuia vivyo hivyo. Nimemkaripia, hakunijibu, ananitazama kama mtu aliye mbali. Ukungu umeziba korongo lote. Nimemwambia tungoje uinuke. Atakula akitaka asitake.

Ijumaa, jioni

Niandike sasa, nisije nikaanza kujidanganya.

Alitoka nje ya hema kwenda kutawadha akayumba, akashika hewa. Nikamkalisha. Nikamuuliza leo siku gani, akasema Ijumaa. Nikaona afadhali. Sijui kwa nini nikaongeza, nitajie babu zako.

Hodan Abdi Warsame. Akanyamaza. Akaanza upya. Hodan Abdi Warsame. Akarudi kwa Abdi. Kisha akacheka kidogo.

Nimemuuguza akiwa na homa kali na aliwataja wote, alikuwa akiwataja hata usingizini. Mtu huyu kusahau babu zake ni kama mimi kusahau kumeza mate. Njaa haifanyi hivyo. Ukosefu wa chai haufanyi hivyo. Ni ugonjwa wa mlima, umemwingia kichwani, tulipanda haraka mno kwa ile pikapu yetu ya bure. Nami siku mbili nzima nangojea jua lizame! Dawa yake tunafundishwa ni moja, kushuka. Basi.

Nilichanganya maji na sukari. Akageuza uso. "Saumu yangu," akasema, akalia. Nikamwambia dhambi niandikiwe mimi, kunywa. Akanywa. Nilijichukia na nikaendelea kumnywesha.

Hema tumeliacha limesimama. Mkebe, sufuria, kila kitu. Nikamfunga kiunoni kwa leso, ncha nyingine kwangu, tukashuka. Upande wa shimo nilikaa mimi. Ukungu hata miguu sioni. Alitembea kama mlevi, akitaka kukaa kila tukifika penye jiwe, na nikimwacha akae hataamka. Nilimtukana. Matusi ya Malindi ambayo sijayatamka tangu utotoni. Nilimvuta. Tungeanguka tungeanguka wote, na hilo nililijua nilipofunga fundo.

Nikawa namdai majina. Chini ya maporomoko ya maji akamkumbuka Guleed. Nikamwambia ongeza. Kwenye nyasi ndefu akamtaja Faarah, kwa hasira, kama namsumbua. Tukishuka wanakuja, tukisimama wanapotea, kwa hiyo hatukusimama. Kwenye miti ya kwanza akawataja wote mfululizo, hadi wale ambao sikuwahi kuwasikia, kisha akaniuliza kwa nini nalia.

Tumefika mwisho wa barabara. Dereva wa mbao yuko, anapakia. Kamweka Hodan mbele karibu na moto wa injini.

Jumamosi, 7 Februari

Kijijini, chumba cha mama mwenye hoteli. Hodan amekula uji, mayai, kisha chapati yangu. Kichwa kimekwisha.

Tumegombana. Anasema hema la watu tutalilipa vipi. Nikamwambia ningekurudisha Hulugho umefungwa sanda, hema ndilo unaliwaza? Baadaye akaja akaniegemea. Bado nina hasira. Naye, na mimi mwenyewe zaidi.

Jumatatu, 9 Februari

Waberi. Joto la kuchoma. Nililala sakafuni bila mkeka na nikalipenda.

Hodan hakufunga leo, nilimkataza. Kalala tangu alasiri. Nimemwendea mara nyingi kuangalia kama anapumua, mpaka akafungua jicho moja akaniambia abaayo, nenda zako.

Simu yake ikalia, nikaichukua asiamke. Ni hooyo, yaani mama yake, kutoka Hulugho. Kumbe Hodan alimwambia tunakwenda arusi kwetu Malindi, na mama wa watu siku zote hizi hana habari. Kanisalimia kwa heshima, kaniombea dua mimi na wazazi wangu, kanishukuru kwa kumtunza binti yake ugenini. Sikujua niweke wapi uso, ingawa hanioni.

Akauliza, "Arusi ilikuwa mzuri?"

Nikasema ilikuwa nzuri, hooyo.

"Na bibi arusi?"

Nikamtazama Hodan pale kwenye mkeka, mdomo wazi, jasho shingoni, anakoroma. Nikamwambia bibi arusi alichoka sana njiani, lakini amefika kwake salama.