Filamu Uliyomwachia Mama Nusu

Shoga yangu Asha,

Sijui aliyekufa hupelekewa salamu gani. Nimeandika "hujambo", nikaikata. Nimeandika "pole", nikaikata nayo, maana wa kupewa pole ni sisi. Basi naanza hivi hivi. Leo ni siku ya kumi tangu tukuzike, na nimefanya jambo ambalo sijui ni wema au ni ubaya, na mtu pekee ambaye ningemuuliza ni wewe.

Uliondoka Jumatano. Jumamosi tukakusomea khitma ya siku ya tatu, nyumba ya Jang'ombe imejaa watu mpaka uani. Walipopungua, mama yako akaniita chumbani. Nilidhani anataka kunipa kanga zako. Akanikalisha kitandani kwako, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Zuhura mwanangu, yule msichana wa filamu, mwisho alirudi kwao?"

Msichana gani? Akanieleza kwamba ile Jumamosi tuliyotoka sinema mara ya mwisho, mimi nimeshakwenda kwetu, ulimhadithia filamu nusu, ukapiga miayo, ukasema, "Mwisho wake ntakwambia kesho, mama." Kesho yake ukashikwa na homa. "Wewe ulikuwa naye," akaniambia. "Umeiona yote."

Kuiona nimeiona. Lakini haikuwa filamu ya msichana, Asha. Tuliona mwanamume asiye na shati akikata watu kwa upanga muda wa saa mbili.

Nilimwambia Mama kichwa changu hakiko sawa, anipe siku mbili. Na kweli hakikuwa sawa. Hata sasa hakiko.

Unakumbuka balaa hili lilivyoanza? Lilikuwa onyesho la zanana, la sisi wanawake peke yetu, na filamu ya Kihindi haikufika na meli. Wakatutilia nyingine badala yake, ya mapanga. Wanawake waliokuja na leso za kulilia wakapiga makelele, wakatoka wote. Sisi tukabaki kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Basi. Ingekuwa jua, tungeondoka na wenzetu na leo nisingekuwa na barua hii. Tukakaa, tukaona mlima unatikisika adui alipouegemea. Tukaona shujaa wa enzi za wafalme amevaa saa ya mkononi. Tukaona watu ishirini wanakuja kupigwa mmoja mmoja, kila mtu anangoja zamu yake kama foleni ya unga. Ukanifinya paja mpaka likavilia damu. Tangu siku ile tukawa hatuna dawa.

Nilikuwa nikiona haya, nakwambia kweli. Wanawake wazima, tumejifunika mabuibui, tumekaa nyuma kabisa kwenye onyesho la wanaume, tunaangalia watu wasio na mashati wakichinjana. Na filamu zenyewe ovyo. Filamu nzuri ningeweza kuitetea mbele ya watu. Kwa nini tulizipenda zile? Nimejiuliza siku zote hizi. Najua tu kwamba steringi alipoinuka mara ya tatu na tumbo limeshapasuliwa, nilikuwa nasimama kitini.

Mama ndiye aliyekuwa akituruhusu, miguu yake imevimba, yeye hatoki, na sharti lake lilikuwa moja: tumletee filamu nyumbani. Ya Kihindi, ya mapenzi na machozi. Nawe ulikuwa ukimletea. Tunakaa uani na kofia zetu za kushona, unaanza. Upanga unageuka ulimi wa wifi. Vita vinageuka harusi. Jemadari anayechoma vijiji anageuka mama mkwe, na sikuona ulipombadilisha sana. Mimi nimeinamia kofia, nimeuma uzi nisicheke.

Jumapili, siku ya pili ya ahadi yangu, nikafanya jambo la aibu. Matanga hayajaanuliwa, nikawaambia watu naenda kwetu Mpendae kubadilisha nguo. Nikaenda sinema. Ile filamu ilikuwa siku yake ya mwisho, na nilijiambia nakwenda kumtafuta huyo msichana, nijue hadithi uliitoa wapi. Mkata tiketi akanitazama, akasema, "Leo umekuja peke yako?" Nikachukua tiketi nikaingia. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitalia mbele ya wale wanaume wote.

Nikakaa, na Mungu anisamehe, nikacheka. Adui alipochomwa upande wa kulia akashika tumbo upande wa kushoto, kicheko kikanitoka kabla sijajua, nikageuka kukutazama. Kiti kitupu. Nikalia, halafu nikacheka tena kwa ajili ya masharubu yaliyobanduka, halafu nikalia. Jirani yangu akahama kiti. Sijui mtu anaitwaje akiwa hivyo.

Lakini nilimwona. Yumo, Asha. Mara moja tu. Wapiganaji wanavamia mkahawa, msichana mmoja anayegawa chai anatupa sinia, anatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Hata uso wake hauonekani vizuri. Filamu haimtaji tena. Mara ya kwanza sikumwona kabisa, nilikuwa natazama mapanga. Wewe ulimwona, ukatoka naye pale sinema ukamleta nyumbani kwa mama yako.

Jumatatu nikaenda kwa Mama na mwisho nilioutunga njiani. Nikamwambia ndiyo, alirudi kwao, mama yake akampokea mlangoni, wakalia wote wawili. Nilikuwa najiona hodari. Mama akanitazama, akasema, "Mama yake alikufa mwanzoni, Zuhura. Ndiyo sababu ya yeye kuondoka."

Njia ya muongo ni fupi. Nikamweleza yote. Zanana, mvua, mapanga, wanaume wasio na mashati. Nilingoja anifukuze. Yeye akaanza kuuliza moja moja. "Na ile ya mapacha?" Hiyo ni ya Asha, Mama. "Na ya yule kipofu aliyemtambua mumewe kwa kikohozi?" Ya Asha. "Na ya bi harusi aliyejificha kwenye pipa la mchele?" Zote, Mama, zote za Asha, hakuna Mhindi hata mmoja.

Mwisho akasema neno ambalo linanikosesha usingizi. "Na mimi nilikuwa nikisinzia. Nasema si neno, Wahindi watatengeneza nyengine."

Basi ndiyo hili ninalokuuliza. Nilimpa kitu au nilimnyang'anya? Alikuwa na binti aliyempenda hata akamletea sinema nyumbani. Sasa ana binti aliyemdanganya miaka mitatu, na akatunga yote yale, na Mama mwenyewe hakuyasikiliza vizuri. Jana asubuhi aliniomba nimhadithie zote tena, tangu ya kwanza, nami nikashindwa. Nilikuwapo pale uani kila mara ila hiyo ya mwisho, Asha, lakini nilikuwa nasikiliza upanga unavyogeuka wifi. Hadithi yenyewe sikuisikia. Wawili sisi tulikuwa nawe, mmoja amelala, mmoja anacheka.

Tumeanza kuziokota hivyo hivyo. Yeye analeta alichosikia kabla ya kusinzia, mimi naleta nilichosikia kati ya vicheko, na panapokosekana tunapaacha. Mara nyingine anacheka. Mara nyingine ananigeuzia mgongo, nami sijui kama ni machozi au ni hasira.

Jana hiyo hiyo, kwa kutaka kumridhisha, nikamwambia tukae tumtungie yule msichana mwisho wake. Akakataa. Akasema mwisho asiuguse mtu, uliahidi kumwambia wewe mwenyewe, na yeye huko uliko anakuja.

Kwa hiyo, shoga yangu, utunge. Mama akifika hatakuuliza kaburi wala homa, atakuuliza hilo kwanza. Kwaheri, Mwenyezi Mungu akulaze pema. Miguu yake nitaikanda kila siku, dawa nitampa kwa mkono wangu, chakula atakula hata kwa kugombana. Nakuahidi sitamwachia aje upesi. Una wakati.

Mwenzako,
Zuhura